Diski Iliyogoma Kuamka

Uliusikia ule mlio wa bati. Usinidanganye, ulisikia. Kama si wa kontena hili, basi la mwaka juzi, au lile la kabla yake. Ukageuza shingo, ukasema, "Mafundi hao," ukaenda zako.

Mimi sisahau.

Saa saba mchana, Sitara Abdulmalik alikuwa anakata mbio Mtaa wa Kongo. Bastola ya Glock ubavuni. Diski ya kompyuta kiunoni, imefungwa kwa kanga.

Nyuma yake, Beno.

Beno anauza watu. Anaahidi vijana kazi Uarabuni, anawafungia kwenye kontena, anawasafirisha kama vitunguu. Leo ndani ya kontena lake alikuwemo Husna, fundi cherehani wa Magomeni, pamoja na wenzake. Ujumbe wake wa mwisho kabla simu haijazima: *Hewa inakwisha. Nasikia nyundo tu.*

Nyundo! Dar nzima hii inagonga nyundo!

Kontena lilifungwa kwa kufuli la GPS. Programu ya kulionyesha na kulifungua ilikuwa kwenye kompyuta ya Beno peke yake. Idara ya upelelezi, anakofanya kazi Sitara, ilipovamia, alianza kuifuta, akakatizwa, akaivunja kwa rungu. Sitara akachomoa diski, akaruka dirisha kuwahi mashine nyingine; Beno akawaponyoka vijana wa Idara, akamfuata.

Redio ikakoroma sikioni. Zakayo, mkuu wake, akimwita kwa jina la kazi.

"Kunguru, uko wapi?"

"Kariakoo."

"Diski?"

"Ninayo."

"Husna je?"

"Ukiniuliza tena nachelewa."

Akachepuka Mtaa wa Aggrey, akazama dukani kwa Manan, muuza kompyuta.

"Dada Sitara! Leo unakimbizwa na mgambo?"

"Kaka Manan, nipe mashine. Sasa hivi."

Manan akafungua Dell, akachomeka diski, akawasha. Feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi, maandishi mawili matatu: hakuna diski ya kuanzia.

"Imewaka, ila haiamki," alisema Manan. "Wala usijali. Nakupigia Windows mpya, na soda juu."

Flashi ya Windows ilishaingia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sitara akamdaka mkono.

"Usipige!"

"Dada, Kariakoo nzima tunapiga."

"Windows mpya inafuta kila kitu. Ukifuta, Husna anazikwa."

Manan akautoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

Mashine ya Beno ilikuwa ya kizamani. Hii mpya ilikuwa inatafuta pa kuanzia mahali pengine kabisa. Sitara akazima, akawasha, akagonga F2 kufungua mipangilio, akabadili UEFI, njia mpya ya kuwasha, kuwa Legacy, ile ya kizamani.

Bado.

Beno alikuwa amefuta kile kipande cha mwanzo, kinachoamsha vingine vyote. Sitara akairudia flashi ileile. Hakugusa *Install*. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Repair*, kutengeneza bila kufuta. Akaandika amri ya kukirudisha kipande kile: *bootrec /fixmbr*. Akaandika *bootrec /fixboot*.

"Dada," Manan akanong'ona, "una mgeni."

Beno mlangoni. Kisu mkononi.

"Sista, rudisha mali yangu."

"Panga foleni."

Beno akaruka. Manan akaachia UPS, ile nzito ya betri mbili, ikatua juu ya vidole vya mguu wa Beno. Yowe likafika Msimbazi. Alipoinua uso, Glock ilikuwa kwenye paji lake.

"Samahani, bosi," alisema Manan. "Hiyo haina waranti."

Pingu. Kioo kikawa bluu. Diski ikaamka.

Ramani. Nukta nyekundu.

"Zakayo! Buguruni, yadi nyuma ya gereji. Nafungua kufuli."

Akabonyeza. Akangoja. Hatimaye redio:

"Tumefika. Makontena yamejaa, lipi? Hizi nyundo hatusikii kitu!"

"Wanyamazishe mafundi."

Zakayo akafoka. Nyundo moja ikanyamaza, nyingine, zote.

Ko. Ko. Ko.

"Tumewapata, Kunguru! Wazima. Husna anaomba maji."

Nyuma yake sauti ya fundi mmoja: "Tangu asubuhi tunasikia. Tukajua ni wenzetu."

Sitara akazima redio.

"Kaka Manan, soda yangu?"

Akaipokea, akamkabidhi Beno kwa vijana wa Idara waliokuwa wameshafika, akapotea kwenye umati wa Aggrey akinywa taratibu.

Na wewe? Taa imewaka, feni inavuma, macho kodo. Hujaamka. Unajua kontena gani mtaani kwako halifunguliwi mchana. Acha kusoma. Nenda sasa hivi, ligonge.

Kisha nyamaza, usikie kama linajibu.