Jiko Lenye Magurudumu

"Nakuuliza kwa mara ya tatu, Baba Mwanamkuu," mama alisema huku amejishika kiuno. "Jiko lenye magurudumu ndani ya mashua linataka kwenda wapi?"

"Haliendi popote. Magurudumu ni ya kulisogezea."

"Kulisogezea wapi? Mashua yenyewe ukipiga hatua sita umefika mbele. Ya saba umo majini."

Abiria waliokwisha kupanda walicheka. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti katika bandari ya Nyamisati, ameshika kamba ya mashua, na asubuhi ilikuwa inampita. Maji yalikuwa yamejaa. Yakianza kutoka kabla hawajaondoka, safari ya Mbwera ingekuwa ya taabu.

Ugomvi huu ulikuwa na wiki nzima. Jiko lao la zamani la udongo lilipasuka vipande viwili. Bila jiko hapana samaki wa kubanika, na samaki wa kubanika ndio waliowafanya abiria waiache mashua kubwa ya jirani na kupanda hii ndogo ya Mtoro, baba yake Mwanamkuu. Kwa hiyo jiko lilitakiwa, tena upesi.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje. Watu waliowahi kupanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya kipande cha sabuni, sasa walikuwa wakichagua rangi ya chupa ya chai. Baba alikwenda Ikwiriri kununua misumari, akarudi nayo na jiko pia. Lilikuwa jekundu, la kung'aa, lenye miguu minne mirefu, miwili kati yake ina magurudumu. Kifuniko chake kiling'aa kiasi kwamba Mwanamkuu aliona meno yake mwenyewe. Bashiru, mwenye duka, alikuwa amesema, "Chukua ukalijaribu. Lisipokufaa lirudishe, mradi lisiwe na mkwaruzo."

Mama naye hakukaa kimya. Alikwenda Kibiti kwa fundi Fikirini akarudi na seredani iliyokatwa kutoka kwenye pipa la chuma. Ilikuwa pana, fupi, imekaa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Sura haikuwa nayo.

"Yajaribiwe yote mawili," mama aliamua. Kazi hiyo alimpa Mwanamkuu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani. "Jumanne mashua haitoki. Weka majiko ndani, tia makaa, lakini usiwashe moto. Makaa baridi yanatosha kutuonyesha moto utakwenda wapi. Ukae humo maji yakitoka, mpaka mashua ilale upande. Kisha andika ulichokiona."

Sasa ilikuwa Alhamisi, na baba alikuwa akilipunga daftari hewani.

"Mtoto wako amejaribu, ameandika. Soma mwenyewe. 'Jiko la magurudumu halikutikisika. Seredani ina kutu.' Unataka nini tena? Mhuri wa serikali?"

Mama alimgeukia Mwanamkuu. "Ulikaa mpaka mashua ikalala?"

Mwanamkuu alitazama maji. Jumanne aliyapanga majiko ndani ya mashua wakati maji yamejaa na mashua imesimama wima. Alitia makaa. Alikaa. Kukaa peke yako ndani ya mashua ukisubiri maji yatoke ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, maana hata jembe huna. Ndipo rafiki yake Zuhra alipokuja mbio kumwambia kwamba Zaidi, mwenye banda la video, amewasha jenereta na anaonyesha picha mpya ya mapigano. Mwanamkuu aliandika mistari ile miwili palepale, akarudisha majiko nyumbani, akaenda. Mashua ililala upande saa tatu baadaye, na ndani yake hamkuwa na mtu wala jiko.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mama alishusha mikono kutoka kiunoni. "Basi. Lakini na seredani yangu inakwenda."

"Tutapakia majiko mawili kwenye mashua hii?"

"Tumepakia maneno yako yote na haijazama."

Wakaondoka wamechelewa. Upepo nao, kama aliyesikia ugomvi akaogopa kuingilia, ukawa hauvumi wala hauachi. Abiria walikuwa wachache. Mzee Mrisho, mchuuzi wa mikeka, alivaa kanzu nyeupe kwa ajili ya harusi. Bi Zuena alikuwa na mtoto mchanga aliyelala kwenye mkeka mpya wa mzee huyo. Mdogo wake Mwanamkuu, Haruni wa miaka mitano, alichungulia kifuniko cha jiko na kutoa ulimi.

Kabla ya kufika nusu ya njia, mashua ilisugua chini, ikasimama. Baba alisukuma kwa mti wa upondo. Haikwenda. Walikuwa wamepanda juu ya fungu la mchanga, maji yanatoka, na hakuna la kufanya ila kusubiri yarudi.

"Tumepwelewa," alisema Mzee Mrisho. "Na mimi nilisema tuondoke mapema. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mzee," baba alijibu. "Umesema tangu Nyamisati."

"Basi angalau tule."

Mama alikuwa na samaki aina ya mkizi, wanene, wamekwisha kupasuliwa na kutiwa chumvi na ndimu. Alilitazama jiko jekundu, akalitazama daftari, akavuta pumzi kama mtu anayekunywa dawa chungu. Akawasha. Makaa yalishika vizuri, mafuta ya samaki yakaanza kudondoka, na harufu ikawanyamazisha wote. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Mwanamkuu peke yake hakunusa kitu. Alikuwa akiangalia alama ya maji kwenye ubavu wa mashua. Ilikuwa imeshuka kiganja kizima. Kisha aliona chungwa la Haruni likibingirika polepole, peke yake, kuelekea upande wa kushoto. Lilikwenda mpaka likagusa ukingo wa mkeka na kusimama karibu na mguu wa mtoto wa Bi Zuena. Alifuata kwa macho njia ambayo chungwa lilipita. Ilianzia chini ya jiko.

Alichukua kipande cha ubao, akainama, akakisukuma chini ya gurudumu.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nalizuia tu."

"Unalizuia kwa nini, na wewe uliandika halitikisiki?"

Mashua ilitoa mlio mdogo ikainama zaidi kidogo. Mwanamkuu angeweza kusema kwamba anaongeza tahadhari tu. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini mtoto kwenye mkeka alikuwa amegeuka usingizini, na sasa uso wake ulielekea kwenye jiko.

"Sikukaa, mama. Mashua ilipolala sikuwamo. Nilikwenda kwenye video. Sikujaribu."

Mama aligeuka. "Zuena, mbebe mtoto, hamia huku juu. Haruni, njoo. Baba Mwanamkuu, maji."

Baba alichota maji kwa upo, kile chombo cha kukumbia maji ya mashua, akayamimina juu ya makaa. Mvuke na majivu viliruka pamoja, vikatua juu ya kanzu ya Mzee Mrisho.

"Kanzu ya harusi," alisema mzee, akijitazama kifuani. "Nimepanda kwa ajili ya samaki, nimepata majivu."

"Samahani, mzee wangu," mama alisema. "Itafuliwa."

Baba alitaka kulishusha jiko mchangani. Mama akamzuia. "Liache hapohapo. Moto umekufa, makaa ni baridi. Si ndivyo nilivyoagiza?" Akaokota daftari na kalamu, akamwekea Mwanamkuu mapajani. "Jumanne yako ndiyo hii. Kaa uangalie."

Mwanamkuu alikaa. Jua lilimchoma shingoni, na Mzee Mrisho alikuwa akiyapangusa majivu huku akinung'unika kwamba njaa ni kitu kimoja, lakini njaa yenye harufu ya samaki ni dhuluma. Maji yaliendelea kutoka. Mashua iliendelea kuinama, polepole, hata ungeapa kwamba haiendi. Ghafla kipande cha ubao kilichomoka. Jiko likabingirika, likashika kasi, miguu yake mirefu ikakwama kwenye taruma, zile mbavu za mbao za mashua, likapinduka kichwa chini. Kifuniko kililia kama kengele ya shule. Makaa yaliyolowa yalitapakaa juu ya mkeka, pale ambapo mtoto alikuwa amelala.

Bi Zuena alimkumbatia mwanawe. Baba aliuangalia mkeka, akavua kofia, akaivaa tena.

"Andika," mama alisema.

Mwanamkuu aliandika. Kisha mama alileta seredani, akaiweka mahali palepale, akatia makaa baridi. Sanduku lilikaa kimya kwenye mwinamo. Mwanamkuu alitamani sana kuandika kwamba ni nzuri, ampendeze mama, yaishe. Akangoja. Mashua ilipolala kabisa, makaa mawili yalipita juu ya ukingo, yakaanguka nje ya mchanga.

Aliandika: "Seredani haikubingirika. Makaa mawili yametoka. Ukingo ni mfupi."

Mama alisoma, akasoma tena. Hakukasirika. "Hilo ndilo nililokutuma," alisema. "Sikukutuma uniletee jiko zuri, wala jiko nilipendalo mimi, wala alipendalo baba yako. Nilikutuma uniletee kilichotokea. Wewe ulikuwa macho yangu, Mwanamkuu. Ukiniambia umeona na hujaona, mimi ndiye ninayetembea kipofu, na nimemshika Haruni mkono."

"Nisamehe, mama."

"Kuchoka si kosa. Kwenda kwenye video, hilo tungegombana likaisha. Lakini neno 'sikujaribu' lingetosha Jumanne. Lingetosha leo asubuhi pia, nilipokuuliza. Mtu akikupa kazi ya kuangalia, huna ruhusa ya kukisia, maana wenzako wataweka watoto wao hapo uliposema ni salama."

"Na mimi nina langu," baba alisema, akijikuna kidevu. "Niliyaamini maandishi yale kwa kuwa yalisema ninachokitaka. Mama yako aliuliza mara tatu. Sikujiuliza hata mara moja."

"Mara nne," mama alisema.

"Mara nne."

"Bashiru atarudishiwa jiko lake Jumamosi," mama aliendelea, "na Mwanamkuu ndiye atakayemweleza kila mkwaruzo umetoka wapi. Mkeka wa mzee tutausafisha leo. Seredani inabaki, na ukingo unaongezwa sasa hivi, kabla maji hayajarudi."

Baba hakubisha. Alichukua debe tupu la mafuta, akakata kwa panga ukanda wa bati wenye upana wa vidole vinne. Mwanamkuu alishika upande mmoja, baba akaukunja kuizunguka seredani na kuukaza kwa waya. Kisha walipigilia sanduku kwenye ubao wa mashua kwa misumari ileile iliyonunuliwa Ikwiriri. Mama alijaza makaa baridi hadi juu.

"Sasa wewe," alimwambia Mwanamkuu.

Mwanamkuu aliushika ubao kwa mikono miwili akautikisa, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zake zote. Akamwomba baba ashuke mchangani aisukume mashua kwa bega. Akazunguka akatazama upande wa pili.

"Mjukuu wangu," Mzee Mrisho aliita, "limekaa au halijakaa? Tumbo langu linauliza."

"Bado sijui, babu. Ngoja."

Mzee akaguna, akangoja. Wote wakangoja. Mwanamkuu alipitisha kidole kwenye mchanga kuzunguka seredani, pembe zote nne, akitafuta hata chembe moja nyeusi. Baba alisukuma tena. Mwanamkuu akaangalia tena; hapakuwa na hata moja. Ndipo akafungua daftari, akakata kwa mstari maneno ya Jumanne, akaandika chini yake, akampa mama asome.

Mama alisoma mpaka mwisho. Alimwekea baba upo uliojaa maji miguuni, akamweka Haruni upande wa juu, kisha akatoa kiberiti kwenye pindo la khanga na kumpa binti yake.

"Washa," alisema.