Aliyekwenda Kuona Barafu kwa Miguu

“Alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva,” Nkwabi alikuwa anamwambia baba yangu. “Basi la watalii, mzee, lenye viti vya kitambaa. Akalipa mwenyewe, taslimu, na mimi akanilipia. Tukaenda kuuona mlima wa barafu kama mabwana.”

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeuma ncha ya kanga nisicheke kwa furaha. Mama alikuwa kwenye mkeka kando yangu anachambua mchele. Kila Nkwabi alipotaja kitu cha gharama, mama aliacha kuchambua, akanitazama, akatikisa kichwa. Yeye alimjua mumewe. Mimi nilikuwa nimelewa mapenzi, sioni wala sisikii.

Hapo ni Shinyanga mjini, mwaka wa sabini na tano, nyumbani kwetu nyuma ya duka la baba. Na baba yangu, Mzee Salehe, alikuwa bahili. Sisemi alikuwa mwangalifu wa mali, nasema bahili, na ukimwita hivyo hakasiriki, anakushukuru. Njiti ya kiberiti alikuwa anaipasua kwa wembe zikawa mbili. Betri za redio zikiisha nguvu anazianika juani, na redio yenyewe ni ya taarifa ya habari tu, muziki ukianza anazima. Majani ya chai yakichemshwa asubuhi, jioni yanarudi sufuriani, na kesho yake tunaamka nayo tena. Tangu nilipopata akili nilijiapiza kwamba nitaolewa na yeyote Mungu atakayeniletea, lakini bahili, hapana.

Aliyeletwa na Mungu ni Hatibu. Tulikuwa majirani tangu utotoni. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaandikwa kazi ya jikoni kwenye meli ya Wagiriki iliyokuwa inatembeza watalii, akazunguka nayo hadi huko Norwei. Aliniahidi atarudi baada ya mwaka mmoja, akarudi baada ya miwili, na nilipomuuliza sababu alisema kazi ilizidi. Nikamsamehe kwa shingo upande. Ndipo akanisimulia kwamba siku moja meli ilitia nanga kwenye mji mdogo chini ya milima, nao wakapata ruhusa ya nusu siku kwenda kuona barafu inayoshuka mlimani hadi bondeni, ya bluu. Nikamuuliza walikwendaje. Akasita kidogo, akasema, kwa basi la watalii. Nikampenda upya.

Sasa amerudi, ana mgahawa wake karibu na stesheni, na analeta posa. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mshenga akawa Nkwabi, Msukuma wa Didia aliyekuwa naye melini, wanamenya viazi pamoja. Mposaji mwenyewe kwa desturi haingii ndani siku hiyo. Hatibu alikuwa nje kwenye benchi la duka, chini ya dirisha, anasikia kila neno.

Mshenga naye kazi yake ni kusifia, kila mtu anajua. Katika nyumba nyingine zote za Shinyanga ukisema kijana ana mkono mrefu wa kutoa, mlango unafunguka. Kosa la Nkwabi ni kwamba alimsifia Hatibu kwa Mzee Salehe vile vile ambavyo angemsifia kwa binadamu wengine.

“Hilo basi,” baba akasema taratibu. “Nauli yake ilikuwaje?”

Nkwabi akadhani ndoano imenasa. “Usiulize, mzee. Mshahara wa mwezi mzima.”

“Kwenda kuangalia barafu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Barafu hii ya maji.”

“Ya maji, ndiyo. Ila ni nyingi.”

Pesa ya posa ilikuwa mezani, imefungwa kwenye leso nyeupe. Nikasikia leso inasukumwa juu ya meza, na moyo wangu ukaenda nayo.

“Chukueni pesa yenu,” baba akasema. “Jumapili anakuja mtu wa Nyahanga, kule Kahama. Ana mashine ya kukoboa, ana wake wawili, na sijasikia kwamba amewahi kusafiri kwenda kuangalia kitu.”

Mama akanishika mkono. Wake wawili, na mimi wa tatu, na mume wa rika la baba. Mara nikasikia kandambili zinavuliwa mlangoni, na mtu aliyekatazwa na desturi kuingia akaingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani amekuita?”

“Hakuna, mzee. Nimekuja kusema ukweli kabla hujafunga mlango. Lile basi hatukupanda.”

Nkwabi akakohoa.

“Tulikwenda kwa miguu,” Hatibu akasema. “Nauli tuliulizia, tukaona ni wazimu. Tukatoka bandarini alfajiri, tukafuata barabara ile ile ya basi. Basi likatupita likienda, likatupita likirudi.”

Sauti ya baba ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayeulizia habari za ndugu yake wa siku nyingi.

“Mlikula nini huko njiani?”

“Mkate uliobaki mezani kwa watalii, mzee, na mayai ya kuchemsha. Jikoni vingetupwa.”

“Vingetupwa,” baba akarudia kwa uchungu wa kweli. “Na maji?”

“Barafu inayeyuka yenyewe, inatiririka. Tulikinga kwa mikono.”

Baba akataka kujua habari za viatu. Hatibu akaeleza kwamba buti aliziazima kwa fundi wa injini mwenye mguu mkubwa, akazijaza magazeti ya kuokota. Koti je? La kwake na la mwenzake juu yake, wakiyavaa kwa zamu. Baba akauliza kama kule kwenye barafu kuna kiingilio.

“Wanaotaka kupanda juu wanamlipa mtu wa kuwaongoza kwa kamba,” Hatibu akajibu. “Sisi tulisimama chini. Kuangalia ni bure.”

“Na iko vile vile? Ukiwa chini na ukiwa juu?”

“Ukiwa chini unaiona yote, mzee.”

Nikasikia kiti kinasogezwa. “Mama Zuleha,” baba akaita, “leta chai. Weka majani mapya.”

Ungo ukamtoka mama mkononi, mchele ukamwagika mkekani. Tangu aolewe hakuwahi kuisikia amri hiyo. Alikwenda kuchemsha chai huku mabega yanamtikisika kwa kicheko, akaipeleka sebuleni, akarudi bado anacheka, akanikuta nalia.

“Sasa unalia nini, nawe? Amekubali.”

“Mama, amenidanganya. Nimetoka kwa bahili mmoja naingia kwa mwingine, tena huyu amekwenda kusomea ng'ambo.”

Sebuleni chai ilikuwa inanywewa na hadithi ya mkate inaombwa mara ya pili. Nikachungulia kwenye upenyo. Baba alikuwa ameifungua leso, ametoa pesa, ameitia mfuko wa shati, anafunga kifungo. Hatibu alikuwa amekaa mkekani chini, hana raha, macho yake yako kwenye pazia. Alijua nipo. Baba akainua mikono akasema tusome Fatiha.

Ikisomwa Fatiha imekwisha. Nikalivuta pazia nikatoka, na mama akabaki na kipande cha kanga yangu mkononi.

“Baba, mimi simtaki.”

“Humtaki nani?” Mikono ya baba ilikuwa bado juu.

“Huyu hapa.” Nikamgeukia mwenyewe. “Uliniambia basi.”

“Nilikwambia basi,” Hatibu akasema.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ulivyoniuliza, nilijua jibu unalolitaka. Nikaogopa.”

Angejitetea ningeweza kumtukana. Hakujitetea, na hilo likaniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nampenda pale pale niliposimama.

“Nimekulia kwenye nyumba ya njiti nusu,” nikamwambia. “Najua inavyokwenda. Inaanza kwenye njiti, inaishia kwenye mwili wa mtu. Mama yangu ameumwa jino masika nzima, baba anasema likichoka litaacha. Sitaki kuumwa kwenye nyumba yako halafu unikalie ukingoja nichoke.”

Hatibu akainama, akaanza kutafuta kandambili zake kwa macho, na nikaona ananiacha hivi hivi bila neno.

“Mwambie,” Nkwabi akasema.

“Bebe, wewe, nyamaza,” Hatibu akamjibu, akichanganya na Kisukuma chake cha mjini. “Tuliapa.”

“Kiapo kilikuwa changu, nakivunja mwenyewe.” Nkwabi, pande la mtu, mbeba magunia, akapandisha suruali yake, akaonyesha kovu kwenye kifundo cha mguu. Hakututazama. “Dada Zuleha, kwenda tulikwenda kwa miguu. Kurudi, mimi nilitaka kugusa barafu kwa karibu ili nikasimulie Didia. Nikateleza kwenye majabali, mguu ukavunjika. Huyu akanibeba mgongoni. Mimi, na kilo zangu hizi, nalia kama mtoto. Meli inapiga honi kule chini. Kufika barabarani magoti yakamwisha.”

“Mkafanyaje?” baba akauliza, na tayari sauti ina wasiwasi.

“Akasimamisha teksi.”

“Teksi.”

“Akamwambia dereva, hospitali kwanza, halafu bandarini. Kule kila kitu ni pesa, mzee, hadi bandeji. Akavua soksi, akatoa pesa yake yote aliyokuwa ameweka tangu tuondoke Dar, akaimimina mkononi mwa yule dereva, na ya daktari akaenda kukopa kwa mpishi mkuu wa meli.”

“Bei alikubaliana naye kiasi gani?”

“Hakuuliza bei.”

Baba akaiweka mikono magotini. “Nchi ya ugeni, na hakuuliza bei.”

“Hakuuliza. Na mimi nilimwapisha asimwambie mtu, kwa sababu Msukuma mzima nimebebwa mgongoni mchana kweupe, nyumbani wangenicheka mpaka kaburini.”

Nikamtazama Hatibu. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu, kana kwamba ameshikwa anaiba.

“Hiyo pesa ya kwenye soksi ilikuwa ya nini?” nikamuuliza.

Akajibu Nkwabi. “Ilikuwa mahari yako, dada. Ndiyo maana alikaa baharini mwaka wa pili.”

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mwaka ule mimi nilimlaani. Niliwaambia mashoga zangu ameshapata Mzungu, nikalia, nikamwombea meli izame, halafu nikaomba tena isizame. Kumbe mwenzangu alikuwa anamenya viazi upya kulipia kifundo cha mguu cha Nkwabi.

“Ungeniandikia,” nikasema.

“Ningeandika nini? Niliapa. Na tena, Zuleha, sikujuta. Nilijuta tu kwamba utachelewa kuwa wangu.”

Nikajifuta machozi kwa kanga, nikasimama. “Baba, namtaka.”

“Sasa mimi ndiye simtaki,” baba akasema. “Mtu anaitoa soksi nzima bila kuuliza bei? Huyu atakulaza njaa. Mtu wa Nyahanga atakuja Jumapili.”

Nilikuwa mtoto wa Mzee Salehe, nimekaa naye miaka yangu yote, na siku hiyo kwa mara ya kwanza elimu ile ilinifaa.

“Sawa, baba. Basi warudishie pesa yao.”

Mkono wa baba ukaenda mfukoni. Vidole vikakishika kifungo, vikakifungua. Tukangoja. Nkwabi alikuwa ameinyoosha leso juu ya meza, tupu, tayari kupokea. Baba akaitazama ile leso, akatazama dari, jasho likamtoka pembeni mwa kofia. Ningeweza kumwonea huruma, ila sikuwa na nafasi.

“Baba Zuleha,” mama akaita kutoka nyuma ya pazia, kwa upole kabisa, “na chai wameshakunywa. Ile ya majani mapya.”

Vidole vya baba vikakirudisha kifungo mahali pake. Akashusha pumzi, akainua mikono.

“Al-Fatiha,” akasema, kwa sauti ya mtu anayezika. Alipomaliza akamwinamia Hatibu, akamuuliza kwa siri ambayo sote tuliisikia kama yule mwenye teksi alirudisha chenji. Hatibu akasema hakurudisha. Baba akafumba macho.

Jumapili yule mtu wa Nyahanga alipokuja, aliambiwa binti ana mwenyewe, akapewa maji ya kunywa akarudi Kahama. Ndoa ikafungwa Ijumaa iliyofuata. Baba aliichagua siku hiyo kwa sababu jirani alikuwa na khitima, na watu wengi wangekuwa wameshakula.

Jioni ya kuondoka kwenda kwa mume wangu, nilitoka nje nimepambwa, nimepakwa hina, nimejifunika buibui jipya. Mashoga zangu wanapiga vigelegele. Barabarani lilisimama gari jeupe, limefungwa utepe, na dereva wake amevaa tai. Hatibu alikuwa anamsemesha, mkono uko mfukoni, na nikajua kwa uso wake kwamba hapo pia hakuuliza bei.

Nikamwita kando.

“Hilo gari la nini?”

“La kukupeleka nyumbani.”

“Nyumbani si hapo stesheni?”

“Ni hapo. Lakini nilisema, leo, angalau leo, uende kama bibi.”

Nikamtazama mume wangu. Nilifikiria mgahawa wenye viti vinne na sufuria moja kubwa. Nilifikiria na yule mtoto ambaye Mungu angetupa, na siku ambayo mmoja wetu angeumwa, ili pesa iwepo.

“Mpe yule dereva pesa ya soda, umwombe radhi,” nikamwambia. “Tutembee.”

“Na hina yako?”

“Hina iko miguuni ili watu waione. Kwenye gari nani ataiona?”

Hatibu akacheka, akanishika mkono hadharani, jambo ambalo halikuwa adabu kwa siku zile. Tukashika njia kwa miguu, na Nkwabi nyuma yetu anachechemea, amebeba sanduku langu kichwani, na wanawake wanaimba. Nilipogeuka kuaga, nikamwona baba mlangoni. Siku nzima hakuwa ametoa chozi. Sasa alikuwa analia waziwazi, kofia mkononi, anamwambia mama na jirani na kila aliyepita kwamba yule pale anayetembea ni mwanawe, wa damu yake kabisa.