Bangili ya Kuazimana

Maji ya beseni yalikuwa baridi, lakini bangili iliyokuwa ndani yake ilikuwa na joto kama mkono wa mtu mwenye homa.

Mwosha vitu vya kale aliipitishia mswaki taratibu. Ilichimbuliwa asubuhi hiyo chini ya nyumba za maskini zilizobomoka zaidi ya miaka mia iliyopita: shaba iliyopakwa dhahabu kidogo, na kipande cha kioo chekundu mahali pa kito.

"Walijua kujipamba, masikini ya Mungu," alisema.

"Dhiki haizuii urembo," alijibu wifi yake, mchoraji wa vitu hivyo. Kwa kawaida mchoraji huvisha bangili mkono wa mbao kwanza, aone inavyokaa. Siku hiyo mkono wa mbao ulikuwa umevunjika, akaivaa mwenyewe. "Haya wifi, nionee wivu!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Bangili ikabana.

"Itoe, wifi! Itoe!"

Sabuni haikusaidia, koleo likapinda, mfupa ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, damu ikarukia michoro, na kinywa cha mchoraji kikatoa sauti nzito isiyo yake: "Wanawake saba wa uchochoro huu waliazimana bangili hii kwa zamu, kila mmoja apendeze siku yake. Haivuliwi. Inaazimwa tu. Nani anaazima?"

Mwosha vitu hakufikiri mara mbili. "Niazime mimi. Mwache."

Bangili ikateleza, ikahamia mkono wake wa kushoto. Papo hapo mlango ukafunguliwa.

"Mwanangu, mtoto wako analia njaa," alisema mama mkwe wake, amembeba kichanga wa kike.

Mkono wa kushoto ukanyooka wenyewe kumwelekea mtoto, vidole vikimwita, bangili ikisinyaa kutafuta saizi ya mkono ule mdogo, ikizama ndani ya nyama ya mama yake.

"Mtoe nje, mama!"

Aliuburuta mkono hadi mezani, akashika shoka la kukatia mizizi. Akapiga. Halikutosha. Akapiga tena.

Kiganja kilianguka pamoja na bangili, kikatambaa kufuata kilio. Mama mkwe, aliyekwisha kumlaza mtoto nje, alirudi mbio, akakifunika kwa beseni, akalikalia.

Mchoraji, mkono wake ukining'inia, alimfunga wifi yake jeraha kwa kitambaa, akivuta fundo kwa meno.

"Mtoto unambeba kwa mkono upi, wifi?"

"Wa kulia."

"Basi umebaki."

Wakakumbatiana wakilia.

"Jamani," alinong'ona mama mkwe juu ya beseni, "bado kinagonga."