Mwenye Rangi Hahesabiwi

Siku alipopata kazi ile, dada yangu Lukresia alinunua raba mpya na daftari la jalada gumu, akapanda lori la pamba kutoka Ushirombo hadi Geita huku akiimba. Ilikuwa mwaka 1984. Kampuni moja ya wageni ilikuwa ikitafuta mafuta chini ya ziwa, upande wa ghuba ya Nungwe, kwa kulipua baruti majini na kupima mwangwi wake. Dada, aliyekuwa ametoka tu chuo cha uvuvi, alitakiwa kuhesabu viumbe waliokufa baada ya kila mlipuko ili ijulikane ziwa linaumia kiasi gani. Ijulikane. Kazi hiyo haikuwa na sababu nyingine ya kuwepo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Anatembea ufukweni kutoka kwenye jabali hadi mdomo wa kijito. Kila mzoga anaupaka tone la rangi nyekundu ya boti mkiani, kisha anauandika. Kesho yake akiukuta tena anaupita, maana mwenye rangi hahesabiwi. Mwezi wa kwanza aliandika sato, furu wengi mno, ndege aina ya mnandi, na fisi maji mmoja aliyepasuka macho yote mawili.

Mkuu wa kambi alikuwa Bwana Pantaleo, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Ijumaa moja walilipua mara nne. Jumamosi asubuhi alimwita dada mezani, akiwa anakula kichwa cha sangara. Mafuta yalimchuruzika kidevuni.

"Wakaguzi wanafika saa sita," alisema. "Watatembea wenyewe na kuhesabu wasio na rangi. Nenda kawapake wote."

"Wa jana sijawaandika, Bwana Pantaleo."

"Ndiyo maana nakwambia upake." Akanyonya jicho la samaki, akatema mfupa. "Barua yako ya kwenda kusoma ng'ambo iko kwangu. Haijasainiwa."

Hapo ndipo ninapotaka kutapika, na simtapikii Pantaleo peke yake. Dada yangu alichukua kopo la rangi akaenda.

Mizoga ilikuwa mia nne na kumi na miwili. Matumbo yalivimba hadi ngozi ikang'aa. Brashi ilikuwa ikikokota funza, na funza wakawa wekundu, wakaendelea kutambaa. Mwishoni, kwenye matete, alimkuta fisi maji jike amekufa na mtoto wake ubavuni. Mtoto alikuwa akipumua, vidole vyake vyenye utando vikichezacheza.

"Huyu mzima," dada alinong'ona.

Pantaleo alikuwa nyuma yake, leso puani. "Mpake."

Akampaka. Mtoto yule hakulia. Alimtazama tu usoni, kama mtu anayejitahidi kukariri.

Limi, mama aliyekuwa akianika dagaa juu ya majabali, aliona yote. Dada alipopita akamwamkia, "Shikamoo, mayu," na yule mama hakuitikia marahaba.

"Umewafanya nini wale, ng'wanone, mwanangu?"

"Ni kazi tu, mayu."

"Kazi!" Limi akatema mate kwenye mchanga. "Wameuawa mara moja. Wewe umewamaliza."

Wakaguzi walikuja, wakatembea, wakaandika sifuri, wakala sangara. Hakuna aliyeinama.

Jumapili mchana Kijakazi, mpishi kutoka Katoro, alipakua wali. Kambini walikuwa watano. Akaweka sahani nne.

"Wewe Kijakazi, leo umefunga macho?" Pantaleo akacheka. "Mimi nile meza?"

Kijakazi akashtuka, akaomba radhi, akaenda kuleta sahani. Njiani akasahau alichofuata.

Siku hiyo Pantaleo aliona doa jekundu kisiginoni, dogo kama ukucha. Alilisugua kwa mafuta ya taa. Akalisugua kwa jiwe hadi nyama ikatoka. Nyama ya chini nayo ilikuwa nyekundu vilevile, rangi ya boti.

Jumatatu gari liliondoka kwenda Geita na kumwacha amesimama mlangoni, mkoba mkononi. Jumatano dereva alimkalia kwenye benchi. Pantaleo alipiga kelele, na watu walimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Tumbo lake lilianza kuvimba. Ngozi ikang'aa. Harufu ikajaa kambi nzima, na Kijakazi akawa anafukua chini ya jiko, akitafuta panya aliyeoza.

Ni dada tu aliyemwona.

"Lukresia," alinong'ona Pantaleo. "Niandike. Niandike daftarini. Tafadhali, mama."

Dada akafungua daftari. Akaandika jina. Wino ulikauka, karatasi ikabaki nyeupe. Akaandika tena. Nyeupe.

Ijumaa, saa sita mchana, jua la utosi, alimkuta kwenye matete amelala kifudifudi. Nahodha wa boti alipita, akamruka kama gogo. Inzi walikuwa wengi. Pantaleo alikuwa akipumua. Dada alikimbia kuita watu, na waliporudi palikuwa na matete yaliyolala tu, na maji ndani ya shimo lenye umbo la mtu.

Hakuna aliyeuliza. Orodha ya kambi ilikuwa na majina manne tangu mwanzo, kwa mwandiko wa Pantaleo mwenyewe.

Dada alirudi nyumbani, na kwa miaka minne hakuvua soksi.

Agosti hii nilikuwa likizo kutoka chuoni karani wa sensa alipofika kwetu. Lukresia ndiye aliyempa kigoda na maji ya kunywa. Karani akatuhesabu: baba, mama, bibi, wadogo zangu wawili, na mimi. "Sita," akasema.

"Saba," nikasema. "Huyo aliyekupa maji umemweka wapi?"

Akahesabu upya kwa kalamu, taratibu, mbele ya macho yangu. Sita. Nilibishana naye kama ninavyobishana kwenye mdahalo chuoni, nikamwita mzembe na mla mshahara wa bure. Akamgeukia baba yangu. Baba, mzee Otmar, aliyemzaa Lukresia, akakuna kichwa: "Sita, mwanangu. Tangu lini tukawa saba?"

Lukresia aliinamisha kichwa, akavua soksi, akanionyesha kisigino.

Jioni mama alipakua. Sahani sita. Nikamsogezea dada sahani yangu, na tukala pamoja mkono kwa mkono. Jana, wakati wa kunawa, nilituhesabu kwa kidole. Nikapata sita. Nikaona ni sawa, nikanawa, nikaanza kula. Ndipo nikamsikia mtu nyuma yangu akimeza mate.

Ndiyo maana naandika mchana huu huu, wakati bado nafika saba. Anaitwa Lukresia. Alizaliwa 1961. Nimeandika jina lake mara sita kwenye maandishi haya, na bado linasomeka.

Kigoda alichokalia karani nimekisugua asubuhi. Pembeni pana alama ya mguu mdogo, vidole vimeungana kwa utando. Rangi yake nyekundu haijakauka.