Nta Kwenye Ncha za Vidole

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa moja na robo asubuhi. Kiwalani manyunyu yalikuwa yakianguka, na joto lilikuwa zito. Kornelio, mchongaji wa vinyago aliyekatwa mkono wa kulia na msumeno, alimshika mkewe Filomena ili amwinue kitandani. Filomena alikuwa na wiki tatu tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Mkono wa bandia ulimbana, ukazidi kubana.

"Baba Augustine, unaniumiza. Niache nilale tu," alisema. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Kornelio naye alikuwa amechoka. Mkono huo alipewa kwa majaribio. Wiki ya kwanza ulishika yai bila kulivunja. Sasa ulivunja kila kitu. Aliamua kuurudisha siku hiyohiyo. Bila huo mkono, nani angemwinua Filomena?

Katika kliniki ya viungo bandia, fundi Tekla alimwamkia, akavikagua vidole, kisha akavinusa.

"Mzee, umepaka nini hapa?"

Kornelio alieleza kwamba raba ya vidole ilikuwa imepauka. Yeye hakuwahi kutoa kazi yake nje bila kuing'arisha kwa nta. Kila asubuhi aliongeza tabaka moja.

"Ndiyo maana vinang'aa kama vinyago vya kuuzia watalii," Tekla alisema. "Lakini umeviziba."

Alimweleza polepole. Zamani kihisi cha mguso kilikuwa kikubwa kama kifungo cha shati. Hakikuenea kwenye ncha ya kidole. Siku hizi kimepunguzwa hadi kuwa kama punje ya mtama, na kila ncha ina vitatu. Vingine huwekwa kwenye vifaa vya upasuaji, ili daktari ajue anabana kiasi gani. Kikiguswa, huiarifu mota isimame. Nta ikiganda juu yake, mguso mwepesi haufiki, na mota huendelea kukaza.

"Mie nilidhani nautunza," Kornelio alisema.

"Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Basi. Ukiona unabana, njoo. Usiongeze kitu."

Tekla alibandua raba ile, akavisha mpya.

Kesho yake Filomena alisita, kisha akatoa mkono. Vidole vya bandia vilijifumba, vikasimama. Aliinuka taratibu mpaka akasimama wima.

"Leo umenishika kama mtu," alisema.

Ijumaa Kornelio alimpelekea Tekla kinyago cha mpingo, alichokichonga kabla ya ajali, ili alipe wema wake. Tekla alikitazama kwa muda, akamrudishia.

"Hunidai, sikudai, mzee. Hii ni kazi yangu, na mshahara napokea."