Machicha ya Muscadet

Inspekta Wanjohi alijigamba kwamba hakuna kifo kilichowahi kuipita pua yake. "Hii si pua," aliwaambia askari wenzake, "ni maabara."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, maabara hiyo ilisimama juu ya ngazi za ghala la divai, nyuma ya soko la Walthamstow, huko ughaibuni. Chini, kando ya tangi la chuma, Cédric, mwenye ghala, alilala kifudifudi. Hapakuwa na damu. Inspekta akavuta pumzi ndefu. Alinusa tufaa bichi, basi.

"Hewa safi," akasema, akashusha mguu.

Mtu akamdaka mkanda kwa nyuma. Alikuwa Harith, Mpemba, fundi wa matangi, aliyewaita polisi.

"Taratibu, bwana mkubwa. Maiti mmoja anatutosha."

Akafunga mshumaa kwenye kamba, akauwasha, akauteremsha. Kwenye ngazi ya nne ukazimika.

"Maji ya zabibu yakichachuka hutoa gesi," alisema. "Haina rangi wala harufu. Hutuama chini, ikamkaba mtu. Kuitoa nje ndiyo kazi ya ile feni ukutani. Nimeikuta imezimwa, nimeiwasha. Ipe saa nzima."

Inspekta akaikuna maabara yake.

Walipokuwa wakingoja, Harith alimsomesha. Kila Septemba Cédric alileta kwa lori maji ya zabibu kutoka nchi ya Muscadet, magharibi ya Ufaransa. Yakishachachuka, divai haikutengwa na machicha. Machicha hayo ni hamira iliyokufa; ilizama, divai ikalala juu yake kutwa kucha hadi baridi iishe, ikapata uzito na mchonyoto mdogo ulimini. Divai nyeupe ya bei ya mtu wa kawaida.

"Nawe waionja?"

"Mie? Astaghfirullah! Mwenye kuonja ndiye huyo hapo chini."

Daktari alisema Cédric alikufa kwa kukosa hewa, Jumapili alasiri. Funguo walikuwa nazo watatu: marehemu, mkewe Blandina, na Harith. Jumapili Harith alikuwa chumbani kwake, peke yake, hana wa kumshuhudia. Pingu zilishaanza kumtazama.

"Nikifungwa, Bwana Inspekta," aliuliza, "nani atamwambia mama'angu?"

Alasiri, kituoni, Wanjohi alimhoji Blandina kwanza. Alikataa kuletewa wakili. Alikaa na koti lake mwilini kama mtu anayengoja basi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alizima feni?"

"Sijui."

"Dada, tumepata alama za vidole vyako kwenye swichi. Mbichi kabisa."

Blandina akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Basi," akasema. "Niliizima asubuhi. Mchana akaniuliza, 'Feni inafanya kazi?' Nikamwambia inafanya. Akashuka."

"Hakuiangalia?"

"Miaka sita hakuniangalia mimi, ataangalia swichi?"

"Kwa nini, lakini?"

"Septemba iliyopita mtoto wangu alifia tumboni. Miezi saba. Nilimpigia Cédric mara tisa kutoka hospitali. Akasema tangi limeanza kuchachuka, halingoji mtu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba divai ikilala juu ya maiti wake, hutoka nzuri. Mimi nimelala juu ya maiti wangu mwaka mzima, Inspekta. Mbona sijatoka chochote?"

Hakulia. Wanjohi akafunika kalamu, akasimama.

Chumba cha pili, Konstebo Siham alikuwa akiandika maelezo ya Harith. Wanjohi akaingia kifua mbele.

"Uko huru, ndugu yangu. Amekiri. Alama zake zilikuwa kwenye swichi ya feni."

Harith akakunja uso. "Haiwezekani."

"Vipi?"

"Kila asubuhi, kabla sijagusa kitu, nafuta vishikio vyote na swichi zote kwa spiriti. Uchafu ukiingia, divai hugeuka siki. Hiyo niliifuta leo, kisha ndiyo nikaiwasha. Mkikuta alama, ni zangu."

Kalamu ya Siham ikasimama. "Kwa hiyo zile alama, afande...?"

Wanjohi akamwinamia Harith.

"Fikiri vizuri. Hilo likiandikwa, mahakama itajua nilimdanganya Blandina. Kukiri kwake kunaweza kutupwa, na mwenye ufunguo atakayebaki ni wewe."

Harith akamgeukia Siham.

"Andika, mwanangu. Niliifuta mara mbili kabla ya kuiwasha."