Mwaliko Huu Umeshatumika

Mwaliko ulikuwa haujamfikia mtu yeyote, lakini programu ikasema umeshatumika.

Kidole aliufungua tena. Jibu lilelile, kwa maandishi ya kijivu katikati ya ukurasa mweupe: Mwaliko huu umeshatumika. Mgeni ameingia. Maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe, na siku aliyoyatunga aliyaona ya adabu.

Jina la Kidole alipewa na majirani, ambao hawakuwahi kumwona binti huyo akifanya kazi nyingine zaidi ya kubonyeza. Alikuwa anatengeneza programu za mtandaoni, tena nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya friji na mlango wa chumba cha mama yake. Aliyeuliza kwa nini haendi ofisini kama watu wengine, jibu lilikuwa limelala humo chumbani. Kiharusi kilimpiga mama, upande mmoja ukafa, na ulimi ukafa pamoja nao. Mwanamke aliyekuwa akigombana na wauza mboga mpaka wakamwongezea fungu ili aende zake, sasa kazi yake ilikuwa kutazama dari. Kidole alizoea kumlisha, kumgeuza na kumfulia. Ukimya ndio uliomshinda. Angefurahi mama amwite hata kwa kumtukana.

Programu yenyewe ilikuwa ya mialiko ya sherehe. Mtu anaandika jina la mwenyeji, mahali, na siku ya kuanza na ya kufunga, kisha anabonyeza kitufe, na mwaliko unakwenda kwa rafiki kupitia mitandao ya kijamii. Kila linki inamwingiza mtu mmoja, mara moja, basi. Maana watu tunawajua, ukiwapa mlango mmoja wanaleta ukoo mzima. Kilichobaki kilikuwa hicho kitufe cha kusambaza, na bosi alishaanza kupiga simu.

Mwanzoni linki zilivunjika kwa sababu za kawaida. Jina likiwa na nafasi katikati, anwani ilikatika pale kwenye nafasi, na aliyeibonyeza akaambiwa ukurasa haupo. Hilo alilirekebisha. Lililofuata halikuwa na kichwa wala miguu: linki ilikuwa nzima, anwani imenyooka, lakini kabla hajaifungua yeyote, mtu alikuwa ameshaifungua.

Na ili ujaribu mialiko, unahitaji sherehe. Mvivu wa kubuni huchukua kilicho karibu. Penye mwenyeji Kidole aliandika jina la mama yake. Penye mahali akaandika nyumba yao. Penye siku ya kufunga sherehe hakuandika kitu, na programu haikumuuliza. Akatengeneza mwaliko, akajitumia, ukakataa, akatengeneza mwingine, ukakataa, akatengeneza mwingine. Ufundi ndio huo, kurudia kosa mpaka kosa lenyewe lichoke.

Ndipo sauti ikatoka chumbani.

"Karibu."

Alidhani ni mama mdogo, mdogo wake mama, aliyehamia pale kusaidia kuuguza. Lakini mama mdogo alikuwa nyuma yake kwenye sinki, mikono imejaa povu, na sahani aliyokuwa anaiosha imesimama hewani.

"Umesema wewe?" mama mdogo akanong'ona.

"Mimi nimenyamaza."

Waliingia wakisukumana. Mama alikuwa palepale kitandani, lakini ule mdomo uliopinda ulikuwa umenyooka kidogo, na macho yalikuwa mlangoni. Hayakuwatazama wao. Yalitazama juu ya vichwa vyao, kama mtu anayemtazama mrefu anayeinama apite. Chumbani kulikuwa na harufu ya nguo zilizokaa sandukuni miaka bila kuanikwa. Kidole aliisikia akaipuuza. Furaha haina pua. Alimkumbatia mama, akalia, mama mdogo akalia, wakampigia daktari, naye akasema ubongo wakati mwingine hujitafutia njia nyingine. Siku ile walikula wakicheka.

Aliyeunganisha mambo ni mama mdogo, ambaye kwenye kompyuta hajui hata pa kuiwashia. Siku mbili alikaa akishona pindo la shuka, sikio moja chumbani na jicho moja mezani. Kisha akasogea.

"Mwanangu, kila ukibonyeza hicho kidude, dada anakaribisha."

Kidole alimwambia hayo ni mawazo ya kuchoka. Halafu, kwa kumthibitishia, akabonyeza.

"Karibu," akasema mama kule ndani.

Alimpigia mwenzake wa kazini, kijana mwenye majibu ya kila kitu, akamweleza habari za linki tu. Za mama akazimeza. Kijana alicheka, akasema hilo ni tatizo la kitoto. Ukituma linki kwenye mtandao wa kijamii, ule mtandao humtuma kwanza mchunguliaji wake, programu tu isiyo na mwili, akaangalie ukurasa, arudi na kichwa cha habari na picha ndogo ya kuonyesha chini ya ujumbe. Huyo ndiye anayeutumia mwaliko kabla ya mgeni. Mtengenezee mlango wa pembeni, asihesabiwe. Kidole akapumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akaandika mistari michache, akamtumia yule kijana mwaliko wa majaribio.

Mchunguliaji alikuja, akapita mlango wa pembeni, akaenda zake. Mwaliko ukatumika vilevile.

Kwenye simu yule kijana, aliyekuwa akisoma orodha ya walioingia, aliacha kucheka.

"Dada, wachunguliaji wote huwa wanajitambulisha. Huyu wa pili hana jina. Hana simu, hana kompyuta, hana anakotoka."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Hakuna alipoondoka." Akakohoa, akasema anaitwa mahali, akakata. Wanaume wengi huitwa mahali wakati kama huo.

Kutoka chumbani mama akasema, kwa sauti iliyokwaruza kidogo, "Karibuni."

Kidole hakubonyeza tena, lakini ilikuwa imeshachelewa, kwa sababu mialiko ya majaribio ilikuwa mingi na sherehe haikuwa na siku ya kufungwa. Mchana kweupe, jua likipiga dirishani na watoto wa jirani wakicheza mpira nje, mlango wa chumba cha mama ulianza kuwa mzito, ukiusukuma unarudi polepole kama unaosukumwa na migongo, na ukishaingia ndani unajikuta umejibana, umeweka mabega upande, unapita kwa kuomba radhi bila kujua unamwomba nani, na joto limekujia usoni, joto la pumzi, na godoro miguuni pa mama limebonyea pahali pamoja, kisha pahali pengine karibu yake, na ile harufu ya sandukuni imekukaa kooni mpaka chakula kinakuwa na ladha yake, na viti vya sebuleni, ukivitazama kimya, ukivipa kisogo vinakwaruza sakafu taratibu, kwa heshima, kama watu wanaosogeleana ili mwingine apate pa kukaa.

Na mama akaacha kula. Kidole akileta kijiko, anageuza uso, macho yanazunguka chumbani kutoka huyu hadi huyu. Mwenyeji hali kabla ya wageni. Midomo ilimpasuka kwa kukaribisha. Kila siku mashavu yalizidi kuingia ndani, na sauti, ile waliyoililia kwa furaha, haikulala.

"Watamla," mama mdogo akasema. Alijifunga kanga ya pili akatoka, akarudi na mganga wa mtaa wa nyuma, mwanamke mfupi anayeuza mifagio na asiyependa kupotezewa muda. Mganga alifika kwenye kizingiti cha chumba, akanusa, akakataa kuvuka. Alimsikiliza Kidole mpaka mwisho, akisonya kila alipotaja kubonyeza.

"Wanaovamia nawafukuza," akasema. "Hawa wamealikwa kwa jina na mahali. Mgeni huondolewa na mwenyeji."

"Mwenyeji ni mama, na hana neno lingine zaidi ya hilo."

"Basi badilisha mwenyeji, funga sherehe, uwaage mwenyewe. Na usikilize vizuri. Hiyo sauti si ya kwake, wamekuja nayo. Wakitoka wanatoka nayo. Usije ukanililia."

Kidole alikaa mezani. Alifuta jina la mama akaandika lake. Penye siku ya kufunga akaandika leo. Kabla ya kuhifadhi vidole vilimganda, na ni mama mdogo aliyempiga kibao cha mgongo. Akabonyeza. Kisha akafungua mlango wa chumba, mlango wa sebule na mlango wa nje, akasimama pembeni kama watoto wanavyofundishwa, akasema, "Kwaherini. Asanteni kwa kuja."

Walipita. Pazia lilijaa, likalegea, likajaa tena, na kila mmoja alimgusa bega kwa baridi akipita, mpaka bega likafa ganzi. Mganga alijibana ukutani. Kisha ikasikika kengele ya baiskeli barabarani, na nyumba ikawa nyumba.

Mama alikuwa anatazama dari. Jioni ile alikula bakuli zima.

Kitufe kilifanya kazi. Linki ya kwanza ilimfikia yule kijana, ikafunguka vizuri, na bosi akatuma pongezi zenye vikatuni vya kupiga makofi. Mama alinenepa. Mama mdogo akaanza tena kuimba akifua. Ni Kidole tu aliyekuwa hatulii. Alikuwa akiacha kazi katikati, anakwenda kukaa kitandani, anamsemesha mama, anangoja, anarudi mezani, anarudi kitandani. Alijua sauti ile haikuwa ya mama. Lakini ilikuwa imetoka mdomoni mwake, na mwenye njaa hachunguzi sahani.

Siku moja mama mdogo alikwenda sokoni. Kidole aliifungua ile sherehe. Alifuta jina lake kwenye mwenyeji, akarudisha la mama. Siku ya kufunga akaifuta. Mmoja tu, akajiambia, kama mlevi anavyojiambia. Akatengeneza linki moja, akabonyeza.

Mwaliko huu umeshatumika. Mgeni ameingia.

Chumbani kukawa kimya. Akangoja neno, halikuja. Akaingia.

Mama alikuwa amekaa. Alikuwa ameegemea mto, mikono yote miwili mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu augue macho yake yalitua kwa Kidole mwenyewe, usoni, si juu ya kichwa. Kidole alipiga magoti, akamshika mkono.

"Mama."

Mama aliutazama mkono ule, kisha akautoa polepole katika wa kwake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ileile ya zamani, ya kugombana na wauza mboga, kavu, isiyo na shaka.

"Na wewe," akasema, "nani kakualika?"

Nyuma ya Kidole mlango ukafunguliwa, kwa adabu, kama unavyofunguliwa kwa mtu anayengojwa atoke.